Globu Nne na Mfereji wa Bibi Scholastika

Ngerengere, 10 Februari 1952

Kwa bibi yangu Scholastika, Lusangwe, Milima ya Uluguru.

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo, mke wangu. Mimi mumeo, mjukuu wako, ni mzima, nakula na kulala, ila mchicha wa huku unafika sokoni umeshachoka kama mtu aliyetembea toka Dodoma. Nasikitika nikikumbuka kabichi zako. Nisalimie mama, dada Regina na mwanawe, na Kasiani anayetubebea barua hizi pamoja na vikapu vya mboga. Mwambie barua ya Krismasi ilifika ina harufu ya vitunguu.

Habari za hapa ni nyingi. Fundi Yunusi, mkubwa wangu katika karakana ya umeme ya shamba hili la mkonge, amenunua baiskeli mpya na ameanguka nayo mara mbili, mara ya pili mbele ya msikiti siku ya Ijumaa watu wanatoka. Mvua imenyesha kidogo. Treni moja iligonga mbuzi wa nyapara, tukapata kitoweo.

Ule mtihani wa ufundi wa umeme niliokwambia ulifanyika mwezi uliopita. Bwana mkaguzi alikuja toka Dar es Salaam. Ni mtu mpole, anavaa soksi ndefu mpaka magotini hata katika joto hili. Mtihani ulikuwa mrefu. Atakuja tena Agosti, nami nitafanya tena. Mengine yote ni mazuri.

Ni mimi mumeo, Gabrieli.


Lusangwe, 2 Machi 1952

Milele na milele, amina. Marahaba, mume wangu.

Sisi wazima. Mama yako anakohoa kidogo lakini anasema ni moshi. Mtoto wa Regina ameota meno mawili na ameanza kuniuma, naona amerithi kwa babu yako. Mvua huku si ya kuomba tena, tunaomba ipungue. Mfereji umebomoka mara moja karibu na kanisa tukauziba kwa magogo ya migomba na udongo, watu ishirini, na mimi nikiwasimamia kwa fimbo maana ndiyo kazi yangu. Mwaka wa kumi na tisa huu nawagawia watu wa Lusangwe maji, na bado hawajajifunza kutobomoa kingo.

Bruda wa misheni naye ametuletea kioja. Amechukua dinamo ya lile lori lililokufa, akatengeneza gurudumu la mbao, akaliweka kwenye mfereji wetu chini ya kanisa. Maji yanazungusha gurudumu, mkanda unazungusha dinamo, globu moja inawaka barazani kwake, na maji yenyewe yanaangukia mtoni. Watoto wanakwenda kuitazama kama harusi. Wazee wamemwambia: Bruda, cheza masika, lakini kiangazi kikianza hupati hata tone, maji ni ya mboga. Amekubali.

Sasa tuje kwako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka baiskeli. Mara ya pili nikajiuliza soksi za mkaguzi zinanihusu nini. Mara ya tatu nikaliona neno "tena". Gabrieli, aliyefaulu hafanyi tena. Mficha uchi hazai, na wewe nakutaka uzae. Niambie ulikosea nini, na usinitilie soksi wala mbuzi.

Mkeo asiyedanganyika, Scholastika.


Ngerengere, 6 Aprili 1952

Kwa bibi yangu, tumsifu Yesu Kristo na shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa, bibi, nilikuwa naona haya. Pasaka njema kwenu nyote, na pole mama kwa kikohozi.

Haya, nakuambia. Fundi Yunusi alinifundisha hivi. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Na kila kitu umeme unachopitia kina ukinzani wake, yaani ukaidi, kinauzuia kidogo au sana, na ukaidi huo unahesabiwa kwa omu. Ukigawa volti kwa ampea unapata omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, na hiyo ndiyo nguvu yenyewe inayofanya kazi. Basi mkaguzi alinipa betri ya lori ya volti kumi na mbili na globu moja ya taa ya mbele, nikaiwasha, nikapima: ampea mbili. Kumi na mbili gawa kwa mbili, omu sita. Kumi na mbili mara mbili, wati ishirini na nne. Akatikisa kichwa kwa furaha. Hapo nilikuwa fundi, bibi, kwa muda wa kama robo saa.

Kisha akanipa globu nne za namna ileile na waya, akasema ziwashe zote. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikatoa waya kwenye betri nikaingiza globu ya kwanza, nikatoa ya kwanza nikaingiza ya pili, ya pili nikaingiza ya tatu, mpaka ya nne, ndipo nikarudisha kwenye betri. Kama maji ya bustanini kwetu: yakitoka kwako yaende kwa mwenzako, usiyamwage njiani. Si ndivyo ulivyonilea? Nikaunga waya wa mwisho. Globu zikawa nyekundu tu, kama sigara nne zinazovutwa na wagonjwa. Fundi Yunusi alicheka mpaka akashika meza.

Mkaguzi hakucheka. Aliniandikia swali kwenye karatasi: globu hizi nne, zikiungwa ipasavyo kila moja iwake kwa nguvu zake zote, ukinzani wake kwa pamoja ni omu ngapi? Nikaandika ishirini na nne, maana sita mara nne. Akapiga mstari mwekundu.

Nikikosa tena Agosti, nafasi yangu karakanani atapewa mwingine, na mimi narudi kukata mkonge. Ile miaka miwili ya mkonge unaijua, uliona mikono yangu. Sitaki, bibi. Siku mkono wangu ulipowasha globu ile moja nilijua kazi yangu ni hii. Mama usimwambie.

Mumeo mwenye aibu, Gabrieli.


Lusangwe, 4 Mei 1952

Mume wangu mwenye aibu, milele na milele amina, na marahaba.

Sote salama. Kikohozi cha mama yako kimekwisha, ulikuwa moshi kweli. Regina anakusalimu. Nimekutumia kabichi sita kwa Kasiani azipakie kwenye treni. Zikifika nne ujue njia ina wezi wawili.

Nimecheka sana hizo sigara. Kisha nimekasirika, kwa sababu umeusingizia mfereji wangu. Wewe mtoto wewe! Maji yanayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake ni ya matuta ya ndugu, kama matuta yetu na ya mama yako na ya Regina, yanashuka toka juu mpaka chini, na wa chini kabisa anapata tope na lawama. Hiyo ni hisani ya nyumba moja. Lakini kwenye mfereji mkuu kila ukoo una mlango wake. Mlango wa Mzee Dominiko hauombi maji kwenye mlango wangu, unayachukua mferejini wenyewe, na msukumo anaoupata yeye ndio ninaoupata mimi. Umeifungua na kuifunga milango ile tangu una miaka saba! Leo unakwenda kuzipanga globu kama matuta, wakati ulitakiwa uzipange kama milango. Kila globu ipewe waya wake toka kwenye betri na waya wake wa kurudi. Nimekosea? Muulize Yunusi wako.

Hata hivyo swali la karatasi limenishinda. Nimelala nalo, nimelima nalo. Ukaidi wa globu moja sita, wa nne ukose kuwa ishirini na nne kwa nini? Wakaidi wanne ni wakaidi wanne, nimewahi kuwa nao ndani ya nyumba hii. Nadhani mkaguzi wako amekosea, na soksi zimembana damu haifiki kichwani.

Jambo jingine dogo, naulizia tu. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, globu inasumbuka?

Ni mimi, Scholastika.


Ngerengere, 1 Juni 1952

Bibi, tumsifu Yesu Kristo, shikamoo mara mbili.

Kabichi zimefika tano. Mwizi ni mmoja, tumshukuru Mungu. Tumekula na Fundi Yunusi na jamaa wa karakana, nao wanakutolea shukrani.

Nisamehe, barua yako niliisoma kwa sauti. Nilianza peke yangu nikacheka, Fundi akauliza nacheka nini, basi ikabidi. Nilipofika kwenye milango na matuta aliiweka spana chini, akasema: "Huyu bibi yako ameolewa?" Anasema miaka kumi anatafuta maneno ya kuwaeleza vijana jambo hili na hakuyapata. Anataka kuleta posa. Nimemwambia una mume, na mume ni mimi.

Nimepiga hesabu za makosa yangu. Globu nne kwa mstari mmoja: sita na sita na sita na sita, omu ishirini na nne. Volti kumi na mbili gawa kwa ishirini na nne, nusu ampea. Kila globu inapata volti tatu tu, na tatu mara nusu ni wati moja na nusu badala ya ishirini na nne. Ndizo hizo sigara. Fundi anasema uzi wa globu ukiwa baridi hulegeza ukaidi kidogo, lakini kwa mtihani tuhesabu hivi. Zikikaa kama milango kila moja inapata kumi na mbili zake kamili na ampea mbili zake. Nimeziunga hivyo jana, bibi, karakana ikawa nyeupe!

Lakini lile swali la omu bado. Fundi anajua jibu na hataki kunipa. Anasema jibu la kupewa halikai. Nami kila nikiandika, kalamu inakwenda kwenye ishirini na nne yenyewe.

Kuhusu waya: ndiyo, mrefu na mwembamba ni mkaidi. Tuseme waya wenyewe una omu mbili. Mbili na sita za globu, nane. Kumi na mbili gawa kwa nane, ampea moja na nusu. Globu inapata volti tisa, na wati kumi na tatu na nusu tu, nyingine inapotea njiani kuupasha waya joto. Sasa na wewe niambie: mkulima wa kabichi anauliza waya wa nini?

Mumeo, Gabrieli.


Lusangwe, 29 Juni 1952

Milele na milele, amina. Marahaba.

Kiangazi kimeanza kwa hasira mwaka huu. Mfereji umepungua mpaka kiunoni mwa jembe, na zamu nimezipanga upya: kila ukoo nusu siku kwa wiki. Yetu ni Jumamosi kuanzia saa sita mchana mpaka jua kuzama. Wiki iliyopita nilimkuta Mzee Dominiko amefungua mlango wake siku isiyo yake, jembe begani, anasema alidhani ni Alhamisi. Mzee wa miaka sabini hajui Jumatano! Nikamfungia hapohapo kwa gogo la mgomba, tukarushiana maneno mpaka katekista akatoka. Hatujasalimiana tangu siku hiyo. Mume wangu, hapa mtu atakupa mbuzi wake lakini hatakupa zamu yake ya maji.

Mwambie Yunusi nimesikia posa yake. Mahari ni baiskeli, lakini kwanza ajue kuipanda.

Kuhusu waya, nilisema naulizia tu. Mtu haruhusiwi kuuliza? Bruda ni mzima. Gurudumu lake limesimama kwa sababu ya ukame, na wewe usiniulize zaidi.

Soma. Usicheze bao. Nakuombea.

Scholastika.


Ngerengere, 20 Julai 1952

Bibi yangu, shikamoo.

Leo barua fupi. Nisalimie wote.

Mtihani ni Jumatatu tarehe 18 Agosti. Bwana mkubwa wa shamba amekwisha kumleta kijana mwingine karakanani, Rehani, anakaa pembeni anatazama. Ni kijana mwema, tunakula naye, lakini najua amewekwa kungoja nianguke. Jana nilipiga hesabu kumi na tano, nikapata kumi na nne. Iliyonishinda ni ileile. Fundi akanitazama, akaenda zake kufunga baiskeli.

Bibi, naogopa. Nasema wazi kwa sababu ukinisoma katikati ya mistari utanicheka. Tayari nimeliangalia panga langu la mkonge, bado lipo nyuma ya mlango. Kama umepata jibu la hizo omu, niandikie upesi. Najua jibu la kupewa halikai, lakini mimi nataka likae mpaka tarehe 18 tu.

Gabrieli.


Lusangwe, 3 Agosti 1952

Mume wangu, marahaba, na usitishike.

Panga hilo lichukue ulitupe, au likatie kuni. Mwanamume wa Scholastika haogopi globu.

Nimelipata! Nimelipata jana kwenye mfereji, na nilipiga kelele peke yangu mpaka wapita njia wakaniona nimerukwa na akili. Sikiliza. Nilikuwa nimefungua mlango mmoja tu, maji yamejaa mpaka kingoni, yanasukumana hayana pa kwenda. Nikafungua wa pili, maji mferejini yakaanza kukimbia. Nikafungua wa tatu na wa nne kwa kujaribu tu, na mfereji mkuu ukashuka mbio kama mtoto aliyetoka shule. Gabrieli, milango minne haizuii maji kama mlango mmoja. Inazuia kidogo zaidi! Sisi tulikuwa tunawahesabu wakaidi wanne kana kwamba wamesimama foleni katika njia moja. Kumbe kila mmoja anasimama kwenye njia yake, na njia zikizidi ukaidi wa jumla unapungua.

Basi tumia kanuni yako ileile. Kila globu ampea mbili, globu nne ampea nane. Volti ni kumi na mbili. Kumi na mbili gawa kwa nane, moja na nusu. Omu moja na nusu, mume wangu, ndogo kuliko ya globu moja! Mkaguzi hakukosea, nimemsamehe soksi.

Na ndivyo ilivyo kwa waya pia: waya mbili zikienda pamoja ni milango miwili, ukaidi unabaki nusu. Kuna mtu nimemwambia aongeze wa pili. Usiulize nani.

Kasiani anaondoka kesho alfajiri na kikapu cha karoti. Itakufikia mapema.

Mkeo mwenye akili, Scholastika.


Ngerengere, 24 Agosti 1952

Bibi yangu Scholastika, tumsifu Yesu Kristo, shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Barua yako ya tarehe tatu imefika leo. Leo, bibi, siku sita baada ya mtihani! Kasiani ameniambia alipata jipu mguuni pale Bigwa, akalala kwa shemeji yake wiki mbili na barua ikiwa chini ya karoti. Ameomba msamaha, na karoti zimeota mizizi.

Kwa hiyo niliingia mtihanini mikono mitupu. Usiku wa kuamkia Jumatatu sikuomba jibu tena, niliomba kupambazuke tu. Mkaguzi akanipa globu nne, nikaziunga kama milango, zote zikawaka tukafumba macho. Akatabasamu. Kisha akachukua karatasi, na bibi, nakuapia, swali lilikuwa lilelile. Nikaandika mbili ya ishirini na nne, na ile nne ikawa inakuja. Ndipo nikasikia sauti yako kama umesimama nyuma yangu na fimbo: "Mlango wa Mzee Dominiko hauombi maji kwenye mlango wangu." Nikaweka kalamu chini. Nikajiona nina miaka saba, nafungua milango, mmoja, wa pili, wa tatu, na mfereji mkuu unakimbia zaidi. Nikajiuliza: unakimbia ampea ngapi? Nane. Volti? Kumi na mbili. Mkono ukaandika moja na nusu.

Mkaguzi akauliza, "Nne kwa pamoja zina ukinzani mdogo kuliko moja? Una hakika?" Anataka kunitisha. Nikamwambia, "Bwana, milango minne haizuii maji kama mlango mmoja." Sidhani aliuelewa mfereji, lakini aliielewa hesabu. Akapiga alama ya vema.

Nimefaulu, bibi. NIMEFAULU. Mimi ni fundi. Nilipotoka nje Fundi Yunusi alinibeba mgongoni akanizungusha karakana yote, na Rehani akapiga makofi, kumbe naye atafundishwa, nami ndiye nitakayemfundisha. Leo nimesoma barua yako na kuona maneno yetu ni yaleyale, mimi huku na wewe huko, nikalia mbele ya watu. Mwambie mama sasa, mwambie yote.

Nimepewa likizo. Kasiani amepona, anapanda treni ya jioni na barua hii. Jumamosi tarehe 30 nitakuwa Lusangwe kabla ya magharibi. Nakuja na mita yangu ya kupimia, si ya kuazima.

Mumeo, Fundi Gabrieli.


Lusangwe, 27 Agosti 1952

Fundi wangu, milele na milele amina, marahaba elfu.

Barua hii Kasiani atakukabidhi mkononi pale Morogoro ukishuka treni, na safari hii nimemkagua miguu yote miwili. Mama yako nimemwambia. Alilia, akacheka, akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu Aprili, nikamwambia mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Regina anakupikia. Kengele ya kanisa ingepigwa kama katekista asingenizuia.

Sasa na mimi niseme nililoficha. Tangu Aprili nilipoisoma aibu yako nilikwenda kwa Bruda nikamwambia, hiyo globu yako ya barazani, waya unaweza kufika mpaka kwangu? Nyumba yangu si mbali na gurudumu. Akavuta waya. Mwisho wa mwezi huohuo, maji yakiwepo bado, tukajaribu, ikawaka kwa huzuni. Ndipo nikakuuliza habari ya waya mrefu na mwembamba. Mwezi huu Bruda ameongeza waya wa pili sambamba na wa kwanza, kwenda na kurudi. Hatujaujaribu, maana gurudumu limesimama. Lakini hesabu nimepiga mwenyewe: tuseme waya ulikuwa omu mbili kama ule wa hesabu yako, sasa omu moja, globu omu sita, saba. Kumi na mbili gawa kwa saba haikubali vizuri, nimeiacha moja na robo tatu kasoro kidogo. Globu itapata volti kumi na ushei, wati kumi na saba na nusu hivi. Uje usahihishe.

Utauliza gurudumu litazunguka kwa maji gani katika kiangazi hiki. Jumamosi ni zamu yetu. Jana nilisimama mbele ya wazee nikawaambia: Jumamosi hii kabichi za Scholastika hazinywi, maji yangu yote ya nusu siku nayapeleka kwa gurudumu la Bruda. Hajawahi mtu kufanya hivyo, Gabrieli. Mzee Dominiko, aliyekuwa hanisalimu tangu Juni, akaja karibu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, mume wangu anarudi fundi. Akafikiri, akasema Alhamisi, siku ya zamu yake, atausahau mlango wake umefungwa robo saa, kwa bahati mbaya, kama alivyodhani ile siku ni Alhamisi, kabichi zangu zipate la kuramba. Nimemwitikia salamu.

Sasa usikawie sokoni. Watu wote wameambiwa waje, na mimi nimeshatoa ahadi kwa kitu ambacho sijakiona kikiwaka. Naamini hesabu tu. Mlango wa maji nitaufungua mimi, waya utauunga wewe.

Mkeo, Scholastika.